Kivumishi cha Silabi 10

Upo usemi unaorudiwa sana katika vyumba vya masomo na katika mabaraza ya wasomi, ya kwamba Kiswahili hakifai kuandikia elimu ya tiba kwa sababu ni kirefu mno. Kiingereza, husemwa, huweza kukusanya mambo mengi ndani ya neno moja, ilhali Kiswahili hulazimika kuyatandaza mambo yale yale katika kirai kizima, kikijaa viungo vya wa, ya na cha kila hatua. Hukumu hii imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Lakini aghalabu mtu anayeitoa hajapata kuhesabu. Katika makala hii nataka kulihesabu neno moja tu, silabi kwa silabi, kama mhakiki ahesabuvyo mizani ya ubeti kabla ya kuusifu au kuukosoa. Kisha nitaliweka kando ya mwenzake wa Kiswahili ili tuone ni lipi lililo refu, na urefu wa kila moja umetumika kwa kazi gani.

Neno lenyewe ni kivumishi cha Kiingereza “otorhinolaryngological”. Hutumika kwa kila kitu kihusucho tiba ya masikio, pua na koo. Mwenzake wa Kiswahili hahitaji kutafutwa mbali, wala hakubuniwa na kamati yoyote iliyokesha. Huandikwa juu ya milango ya kliniki zetu, naye husema tu: ya masikio, pua na koo. Nimeichagua jozi hii kwa sababu pande zake zote mbili zi hai, na hutumiwa na watu wale wale chini ya paa moja, upande mmoja katika karatasi za daktari na upande wa pili mlangoni pake. Vyuo vya udaktari vya Afrika Mashariki hufundisha kwa Kiingereza, na wengi wa wagonjwa hueleza maumivu yao kwa Kiswahili. Daktari kijana hushinda kutwa nzima akivuka kutoka lugha hii kwenda ile. Akiisha kuaminishwa kwamba lugha ya mlangoni ni ya kubabaisha tu, ya kuwatuliza wasiosoma, hataandika kwayo ripoti wala kitabu, na hasara hiyo itakuwa yake na ya mgonjwa pia.

Tuanze na sehemu za neno la Kiingereza. Ndani yake mmezikwa viungo vitatu vya mwili kwa majina ya Kiyunani: “ot” ni sikio, “rhin” ni pua, na “laryng” ni sehemu ile ya koo yenye nyuzi za sauti, ambayo sisi huiita zoloto. Majina haya hayakuchukuliwa katika umbo ambalo Myunani angelitumia kulitaja sikio lake akiwa peke yake. Yeye angesema “ous”. Shina la “ot” hujitokeza katika umbo la umilikaji, “otos”. Hali kadhalika “rhis” huwa “rhinos”, na “larynx” huwa “laryngos”. Jambo hili si geni kwetu. Mwanafunzi wa Kiswahili aambiwaye kwamba jino na meno ni mzizi mmoja, na kwamba jicho na macho ni mzizi mmoja, hujifunza vile vile kwamba umbo la kwanza lionekanalo si lazima liwe ndilo lifichualo mzizi.

Baada ya viungo hivyo huja “log”, lenye maana ya elimu au maelezo ya jambo. Kisha huja mikia miwili, “ic” na “al”. Mkia wa kwanza asili yake ni Uyunani na wa pili asili yake ni Kilatini, na kazi yao ni ile ile moja, kulifanya jina liwe kivumishi. Neno limevumishwa mara mbili. Wapo waandishi, hasa wa Marekani, wanaoridhika na mkia mmoja katika maneno ya jamii hii, na maana haipungui hata chembe. Lolote lisemwalo juu ya ufupi wa Kiingereza, hapa pana silabi moja nzima ambayo haina mzigo wowote iliobeba.

Katikati ya sehemu hizo imepenyezwa irabu “o”, mara tatu, kama uzi wa mshonaji. Haina maana yake yenyewe. Ukihesabu uzi huo pamoja na vitambaa vinavyoshonwa, neno lina sehemu tisa: “ot”, “o”, “rhin”, “o”, “laryng”, “o”, “log”, “ic”, “al”.

Sasa tulitamke. Silabi zake ni 10: o-to-rhi-no-la-ryn-go-lo-gi-cal. Msomaji ataona mara moja kwamba ulimi haukati pale penye mishono. Sehemu tisa zina mishono minane kati yao. Katika minane hiyo ni mitatu tu inayokutana na mpaka wa silabi, nayo ni ile inayofuata irabu ya kuungia. Mitano iliyobaki hukatwa. Konsonanti ya mwisho ya “ot” huondoka nyumbani kwake ikaenda kukaa na irabu ya uzi, ikawa “to”. Ile ya “rhin” hufanya “no”. Na “laryng” hugawanywa vipande viwili na kitu, la, ryn, na g iliyodondokea kwa jirani. Kwa hiyo mtu asikiaye neno hili bila ya kulijua kabla hana njia ya kuzitambua sehemu zake kwa sikio. Ni lazima aliandike, alitazame, na awe amefundishwa Kiyunani kidogo. Waingereza walio wengi hawakufundishwa. Ndiyo sababu wao wenyewe, wazungumzapo na mgonjwa, huliweka kando neno hili na kusema sikio, pua na koo kwa maneno yao ya nyumbani, kisha huyafupisha kwa herufi tatu za mwanzo, E, N na T.

Mkazo una habari ya ajabu zaidi. Katika neno hili mkazo mkuu huangukia silabi ya nane, “lo”, ambayo ni ya tatu kutoka mwisho. Mikazo midogo huangukia “o” ya kwanza, “rhi” na “la”. Yaani sauti hupanda juu kabisa inapofika kwenye sehemu yenye maana ya elimu, wala si kwenye sikio, wala pua, wala koo. Ukiuondoa mkia wa kivumishi ukarudi kwenye jina la elimu yenyewe, lenye silabi tisa, mkazo hurudi nyuma hatua moja ukakaa juu ya “go”. Na “go” ni nini? Ni konsonanti iliyopotea kutoka kwa zoloto ikishikamana na uzi wa kushonea. Katika jina lote hilo la kitaalamu, silabi inayotamkwa kwa nguvu kuliko zote ni ile isiyo na maana yoyote. Sisemi hivi kwa kudhihaki. Kila lugha ina kanuni zake, na kanuni ya Kiingereza katika maneno ya namna hii ni kwamba mkazo hutafuta silabi ya tatu kutoka mwisho, liwe na maana lililopo hapo au lisiwe nayo. Lakini asemaye kwamba neno hili ni chombo cha kisayansi kilichosanifiwa kwa ajili ya maana, alitazame tena.

Tuje kwa mwenzake. Ya-ma-si-ki-o-pu-a-na-ko-o. Hesabu, msomaji, kama alivyotufundisha Sheikh Amri Abedi kuhesabu mizani katika kitabu chake cha sheria za utungaji kilichotoka mwaka 1954: kila irabu na silabi yake. Ya ni moja. Masikio ni nne. Pua ni mbili. Na ni moja. Koo ni mbili. Jumla ni 10.

Ni sawa na Kiingereza, silabi kwa silabi. Hazikuzidi wala hazikupungua. Na kiunganishi kikibadilika kwa kulifuata jina linalotangulia, kikawa wa kwa daktari, cha kwa chombo, vya kwa vifaa, la kwa jambo au za kwa dawa, hesabu haibadiliki, kwa kuwa kila kimoja cha viungo hivi ni silabi moja tu. Kwa herufi, Kiswahili ndicho kifupi: kivumishi cha Kiingereza kina herufi 22, na kirai chetu kina 17. Yule asemaye kwamba Kiswahili kimerefuka ameyaona maneno matano yenye nafasi kati yake, akadhani kwamba nafasi nyeupe katika karatasi ni urefu. Nafasi haitamkwi.

Mkazo nao? Katika Kiswahili hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Wanafunzi hupenda kuleta mfano wa barabara, ambalo huwa njia likikazwa katika silabi ya tatu na huwa sawasawa likikazwa katika ya pili; ni mfano mzuri, nao huvutia kwa sababu ni nadra. Katika kirai hiki hapana nadra. Mkazo wa masikio uko juu ya ki, wa pua juu ya pu, wa koo juu ya ko. Ya na na hupita bila kukazwa, kama inavyowapasa watumishi. Hivyo kila kiungo cha mwili kimepewa pigo lake, na silabi za kuungia zimeachwa katika kivuli. Sauti imetumwa kule kule ilikotumwa maana. Ukisikiliza kwa makini utaona pia kwamba kirai hiki kina mwendo: neno refu hutangulia, mafupi mawili hufuata, na la mwisho huishia kwa irabu moja iliyorudiwa, ambayo msemaji huweza kuivuta kidogo. Huo si ushairi, lakini ni utaratibu ambao sikio la Mswahili hulishika kwa mara moja.

Sehemu za maneno yetu pia zinastahili kutazamwa. Masikio ni ma, siki na o. Ma ni wingi. Siki ni mzizi tuuonao katika sikia na sikiliza. O ni kiishio kitengenezacho jina la kitu kutokana na tendo, kama fagia itoavyo fagio na funika itoavyo kifuniko. Na hapa mishono yote miwili imeangukia kwenye mipaka ya silabi. Mtoto aliyejua kusikia amekwisha kujua nusu ya maana ya sikio, bila ya kwenda Uyunani. Pua na koo, kwa msemaji wa leo, hazigawanyiki tena. Haki inanitaka nikiri kwamba ya yenyewe ni sehemu mbili zilizobanwa katika silabi moja, upatanisho wa ngeli pamoja na a. Na katika cha msongamano umezidi, kwa kuwa ki na a zimeyeyuka pamoja zikatoa sauti mpya. Kiswahili nacho hujua kubana. Hubana lakini katika kiungo, na kuyaacha majina ya viungo vya mwili wazi.

Kiungo hicho E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikiita a ya uhusiano. Ni jina jema kuliko majina mengi yaliyokuja baadaye. Lugha yetu ina vivumishi halisi vichache, vya ukubwa na udogo, uzuri na ubaya na mengineyo. Na kwa uchache huo wageni wengi wametuhurumia. Huruma hiyo haina msingi. Kiingereza huweka alama ya kivumishi mkiani, na mkia ule huvuta mkazo wa neno zima hata lisitambulikane na jina lililolizaa. Sisi huweka alama mbele, jina likabaki na umbo lake na mkazo wake: pua ni pua, na ya pua ni ile ile pua. Mkazo wa Kiswahili huhama pale tu panapoongezwa silabi nyuma, kama katika masikioni, puani na kooni. Zaidi ya hayo, alama yetu hupatana na jina inalolivumisha, jambo ambalo mikia ile miwili haiwezi kulifanya kamwe.

Liko jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. Mashina ya Kiyunani hayasemi idadi. “Ot” si sikio moja wala mawili. Kirai chetu hakiwezi kukwepa idadi, nacho kimesema masikio kwa wingi na koo kwa umoja, na pua, ambayo kwa umbo haionyeshi idadi, yafahamika kuwa moja. Angalia mwili uliohesabiwa hapo: masikio mawili, pua moja, koo moja. Huyo ni mtu mmoja, ameketi juu ya kiti mbele ya daktari. Kivumishi cha Kiingereza kimeitaja taaluma. Kirai cha Kiswahili kimemtaja mgonjwa. Mtu akisema sikio, pua na koo, silabi zitapungua zikawa tisa, na mantiki haitaharibika, lakini yule mtu kitini atakuwa amepotea.

Yupo atakayepinga kwa kusema kwamba koo si tafsiri halisi, kwa kuwa “laryng” ni zoloto. Hoja ni ya kweli kwa upande wa neno, na si ya kweli kwa upande wa kazi. Daktari wa fani hii hatibu zoloto peke yake. Mtoto mwenye mafindofindo huletwa kwake, na mafindofindo hayako katika zoloto bali juu yake, katika njia ya pamoja ya chakula na pumzi. Neno la Kiyunani ni jembamba kuliko fani inayoitwa kwalo. Koo letu ni pana, na upana wake ndio upana wa fani. Na tukiingia katika kupima usahihi, tusisahau kwamba Kiingereza kina umbo fupi la neno hili, “otolaryngological”, lenye silabi nane, nalo limefupishwa kwa kuitupa pua nje. Hakuna aliyewahi kulilaumu neno hilo kuwa si la kisayansi.

Kuhusu “log”, nakubali kwamba kirai chetu hakina kitu cha kulingana nayo. Penye haja ya kutenganisha kiungo na elimu ya kiungo, Kiswahili kitasema ya elimu ya masikio, pua na koo, na silabi nne zitaongezeka. Lakini haja hiyo hutokea mara chache kuliko tunavyodhani. Madaktari wa Kiingereza husema juu ya jeraha kwa kivumishi chenye “log” ndani yake, ingawa aliyejeruhiwa ni mshipa wa fahamu na si elimu ya mishipa. Katika matumizi mengi sehemu ile imekaa bure, na ndiyo yenye mkazo mkuu.

Njia ya tatu, ambayo wengine wetu huipendelea kwa kuiona ni ya kitaalamu zaidi, ni kulikopa jina la elimu kwa matamshi yetu: otorinolaringolojia. Sina uadui na mikopo. Teknolojia na saikolojia zimekwisha kuwa zetu. Ila tuhesabu na hapa. O-to-ri-no-la-ri-ngo-lo-ji-a ni silabi 10, na kwa kuwa ni jina, haliwezi kuvumisha bila ya kiungo kile kile cha kwetu. Kliniki ya otorinolaringolojia: silabi za uvumishaji zimekuwa 11. Mkopo umekuwa mrefu kuliko kirai kilichodharauliwa kwa urefu. Mkazo wake umeangukia ji, silabi iliyo ndani ya kiishio. Kilichofichika kwa Waingereza kimebaki kimefichika, na wale walioweza kukifumbua kwa msaada wa tahajia ya Kiyunani nao wamepokonywa msaada huo.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila jozi itatoa ushindi kama huu. Kivumishi cha tiba ya tumbo, “gastroenterological”, kina silabi nane, na ukisema ya tumbo na utumbo umepata saba. Lakini ufupi huo ni wa hadaa. Tumbo kwetu ni jina la mfuko wa ndani upokeao chakula na pia jina la sehemu nzima ya mwili ionekanayo kwa nje, na kulisogeza karibu na utumbo, ndugu yake kwa sauti na kwa mzizi, ni kumtatanisha msikilizaji. Hapo lazima tuongeze maneno, na hesabu itatugeukia. Kazi ya namna hii hufanywa neno kwa neno. Hakuna kanuni moja ya kuitangaza.

Na kirai chenyewe nilichokisifu kina udhaifu mmoja ambao watungaji wa istilahi hawana budi kuuangalia. Upatanisho wa ngeli hutulinda pale tu ngeli zinapotofautiana. Nikisema ugonjwa wa sikio la mtoto, la yaonyesha kwamba mtoto ni mwenye sikio. Nikisema ugonjwa wa sikio wa mtoto, wa yarudi kwa ugonjwa. Tofauti ni ndogo lakini ni safi, na Kiingereza kingehitaji kubadilisha mpangilio ili kuipata. Katika wingi, hata hivyo, ulinzi huo huanguka. Magonjwa ya masikio ya watoto: ya pili ni ya nani? Magonjwa na masikio ni ngeli moja, na viungo vyake havitenganiki kwa sikio wala kwa jicho. Katika mazungumzo haidhuru. Katika kichwa cha sura ya kitabu cha tiba, mahali ambapo magonjwa yaliyo ya utotoni hutengwa na yale ya watu wazima, inadhuru. Dawa yake iko katika usemi wa kila siku, nao ni kuiacha ya ya pili na kuweka kwa: magonjwa ya masikio, pua na koo kwa watoto. Kwa haina mashaka hapo, na ni silabi moja kama ile iliyoondolewa.